Kidole Gumba Juu ya Muundi

Sista Rehema, ambaye sasa anashika kile chumba changu cha vidonda, ameniambia niandike habari za miguu. Anasema siku hizi wanakuja watu wazima wenye kazi zao, walimu, makarani, hata paroko mmoja. Wameanza kukimbia asubuhi kwa ajili ya afya, na wiki chache zikipita wanaingia zahanati wameshika mguu mbele, pale kwenye muundi, kama mtu aliyejigonga kwenye stuli gizani. Anawapa vidonge vya maumivu, wanaondoka, wanarudi. Nikamwambia hiyo si habari ya vidonge. Ni habari ya kiatu, na kishindo, na haraka. Akasema, "Basi bibi andika, maana ukisimulia kwa mdomo unataja watu wengi mpaka nasahau nilichouliza."

Nitaandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya lipangeni wenyewe. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vilikuwa vichache na walivipata wengine, na mshahara kila mtu anajua mwisho wake.

Nilianza kazi miaka ya mwanzo ya Uhuru, kwenye zahanati ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, pale Bunda. Nilichukuliwa kufagia. Zahanati ilikuwa vyumba viwili na kibaraza, na mwenye nayo alikuwa dresa, mganga wa kufunga vidonda, Mzee Wambura Magesa, Mwikizu mrefu mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno ya asubuhi. Kazi aliijua tangu machimbo ya dhahabu kule Buhemba, alikokuwa anafunga miguu ya wachimbaji. Daktari alikuwa anapitaga mara moja moja kutoka Musoma, anatazama kitabu, anakunywa chai, anaondoka. Siku zingine zote mkubwa alikuwa Mzee Magesa.

Siku yangu ya kwanza hakunipa ufagio. Alinipa beseni na kipande cha sabuni ya mche, akaniambia nioshe miguu ya kila mgonjwa, hata aliyekuja na sikio. Nikaosha mpaka mchana, nimenuna. Mama mmoja, Wakuru Mafuru, aliyekuja na jino, alikataa kabisa. "Jino liko huku juu, binti, unatafuta nini huko chini?" Mzee Magesa akamjibu kutoka ndani, "Anajifunza kusoma, mama. Mwache asome." Jioni akaniita, akaniuliza nani ana sugu upande gani, nani kisigino kimelika kwa nje, nani vidole vimepandana kwa sababu ya kiatu cha kurithi. Sikujua hata mmoja. Kesho yake nikaosha tena, safari hii nikitazama.

Vyombo vyetu navikumbuka kama watoto wangu. Sufuria ya kuchemshia, mkasi wenye ncha iliyopinda, chupa ya dawa ya jivi iliyotia zambarau kila kitu mpaka mbuzi wa jirani, bandeji tulizofua na kuzikunja upya juu ya goti, na mtungi mkubwa uliofukiwa nusu kwenye mchanga kibarazani. Maji ya mtungi ule yalikuwa baridi hata mwezi wa pili. Nyinyi mna barafu. Sisi tulichovya kitambaa mtungini, tukakizungusha kwenye muundi, mguu ukawekwa juu ya gunia la mbegu za pamba mpaka kitambaa kikauke chenyewe. Inafanya kazi ileile.

Kitu kikubwa alichonifundisha ni kidole gumba. Alimkalisha mpakuzi mmoja wa marobota, Manyama Bwana-Haraka tulikuwa tunamwita, akaweka kidole gumba chini ya goti, kwa ndani, kwenye ukingo wa mfupa, akakitelemsha polepole mpaka kifundo cha mguu. Manyama akasema hapa kunauma, na hapa, na hapa pia, mpaka chini. Mzee Magesa akaniambia, "Huyu maumivu yake yamelala kama nyoka aliyejinyoosha. Mfupa wake umechoshwa tu. Mpunguzie kukimbia, mtie maji baridi, atapona. Lakini siku utakayomtelemshia mtu kidole, kimya, kimya, kimya, halafu mahali padogo kama senti kumi anaruka, huyo mfupa unataka kupasuka. Huyo unamsimamisha."

Nikauliza, "Hata akikataa?"

"Hata akiwa mkuu wa wilaya."

Muda mrefu kile kidole hakikuwa na kazi nyingi. Halafu likaja Azimio la Arusha, na baada yake kila mtu akaanza kukimbia. Shule zilikuwa na mchakamchaka, viwanda vikawa na mchakamchaka, makarani waliokuwa hawavuki barabara bila baiskeli wakapangwa mistari alfajiri, wakaimba. Sisemi kwa kubeza. Nami nilikimbia, na nyimbo zilikuwa nzuri. Ila watu wa nje walikuwa wanashangaa: nyinyi watu wa Mara mmezaliwa mkikimbia, miguu inawaumaje? Jibu ni jepesi. Sisi tulikimbia nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe anapita kwenye nyasi, anasimama kula, anapinda, unapinda naye. Hafuati barabara ya moramu, wala hapigi mguu chini na wenzake kwa mpigo mmoja ili ardhi itikisike. Mchakamchaka ulitaka ardhi itikisike. Na ardhi ikikataa kutikisika, kinachotikisika ni muundi.

Ndipo akaja Afande Nyamhanga kufundisha mgambo pale jineri. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo mapema kwa sababu atasikika vibaya mbele. Jineri ilikuwa inataka walinzi waliopita mgambo. Aliyepita alipata kazi ya kudumu getini, pamoja na chumba kwenye laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Asiyepita alibaki kibarua wa msimu, na msimu wa pamba ukiisha, chumba kinaisha.

Siku ya kwanza aliwatazama miguu, zaidi ya nusu wako peku, wengine wamevaa katambuga za matairi. Akasema, "Mgambo ni mtu wa viatu. Siku ya kufunga mafunzo tutakimbia Butiama mbele ya wageni. Mtu peku sitampanga mstarini." Basi ikaamuliwa watu wakatwe mshahara kidogo kidogo, raba zikanunuliwe Musoma kwa pamoja. Na hapo lilifanyika kosa ambalo naamini linafanyika mpaka leo vijijini kwetu.

Mnajua namna ya kumwagizia mtu kiatu. Unakata kijiti urefu wa unyayo wake, unakwenda nacho dukani, unakitumbukiza kwenye kiatu. Kikilala bila kupinda, unalipa. Dereva wa lori, Marwa Chacha, aliwakalisha watu kwenye gogo asubuhi na mapema, kila mtu akanyoosha mguu hewani, akakata mabua ya mtama na kuyafunga uzi wa rangi ili ajue la nani ni lipi. Wengine wakamnong'oneza akate marefu kidogo. Masatu wa mizani, mtu mwenye wajukuu, alimwambia, "Ongeza nafasi ya kukua."

"Ukue uende wapi, mzee?" Marwa akauliza.

"Kiatu hakirudi dukani, kijana. Ongeza."

Raba zikaja, za turubai jeupe na soli nyembamba, na kila bua lililala ndani ya raba yake vizuri kabisa. Kilichokataa kulala ni miguu. Mguu uliopimwa asubuhi ukiwa hewani si ule utakaosimama mchana umebeba mtu mzima. Ukisimama unarefuka, unatanuka, na jua likipanda unavimba. Na bua linajua urefu tu, upana halijui. Mguu uliolelewa peku una upana kama jembe. Wiki ile nilifunga malengelenge mpaka bandeji zikaisha, na wenye raba za kukulia, akina Masatu, walitembea wakikunja vidole ili zisiwavuke, wanachapa chini kama bata. Baada ya malengelenge ikaja miundi.

Kati yao alikuwa Nyangeta.

Nyangeta Mugini alikuwa kibarua wa kufagia mbegu. Mume wake, aliyekuwa mpakiaji pale pale, alikufa kwa homa, akamwachia watoto watatu na kile chumba cha laini mpaka mwisho wa msimu. Kwa wakwe zake Suguti kulikuwa na nyumba inamngojea, na ndani ya nyumba kulikuwa na shemeji yake, Mugeta, aliyekwisha kukubaliana na wazee kwamba atamrithi. Mugeta hakuwa mlevi wala mpigaji. Nyangeta alikuwa hamtaki tu, na desturi haikuwa na mahali pa kuandika neno hilo. Kazi ya getini ndiyo ilikuwa njia yake ya kubaki Bunda. Wanawake mle mgambo walikuwa wachache, na yeye ndiye alikuwa mwimbishaji. Alikuwa na sauti ya kuamsha watu mpaka Kabasa. Mwimbishaji ndiye anayetoa mpigo, na mpigo anautoa kwa mguu. Kwa hiyo aliyekanyaga kwa nguvu kuliko wote, kwenye moramu, ndani ya raba iliyombana, alikuwa yeye.

Alikuja kwangu akiwa amekwisha kuchanjwa. Mama mkwe wake alikuja kumtembelea, akaona anachechemea, akasema amekanyaga kitu kilichotegwa njiani, akamchanja chale ndogo ndogo mbele ya miundi yote miwili na kupaka masizi ya dawa. Mzee Magesa akaziosha, akazitazama vizuri karibu na dirisha.

"Nani amechanja?"

"Mama mkwe."

"Ana mkono mwepesi. Amekosa mahali tu." Halafu akaninyooshea kidevu, maana yake endelea.

Nikatelemsha kidole. Kunauma hapa, na hapa, na hapa. Nyoka aliyejinyoosha, miguu yote miwili, wa kushoto zaidi. Nikamweleza: siku moja ukimbie, siku moja upumzike, ukimbie kwenye nyasi pembeni ya barabara, usipige kishindo, jioni uje kwenye mtungi. Asubuhi kabla hujainuka kitandani uzungushe vifundo, na mchana ukiwa umesimama na ufagio wako, upande juu ya vidole na ushuke polepole, upande na ushuke, misuli ya nyuma ipate nguvu ya kuusaidia mfupa wa mbele. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Bwire, na Afande nimwambie nini?"

"Nitamwambia mimi."

Nilimkuta Afande anapiga pasi kaptula yake mwenyewe, jambo lililonifanya nimheshimu. Nikamwambia, "Afande, watu wako waimbe kwa mdomo, waache kuimba kwa miguu. Angalau nusu ya kwanza ya mafunzo."

"Mama Bwire, wimbo bila kishindo ni wa msibani."

"Na hawa wakiendelea hivi utakuwa na msiba kweli."

Akacheka, lakini pasi hakuiweka chini. Akasema kupumzika siku moja moja hawezi, akimpa mmoja watataka wote, na tarehe ya kufunga mafunzo amekwisha kuwatumia wakubwa. Nyasi alikubali. Kiatu alisema ni juu ya mwenye mguu. Mzee Magesa akachukua mkasi wenye ncha iliyopinda, akaipasua raba ya Nyangeta ubavuni, penye kidole kidogo. Afande alipoiona mstarini alikuja zahanati mbio. "Dresa! Umeharibu kifaa!"

"Nimekifungulia dirisha," Mzee Magesa akasema, akaendelea kuchemsha sindano.

Haikutosha. Raba ile ilikuwa ndogo kila upande, hata ungeifungulia mlango. Ndipo Jumamosi moja mimi na Nyangeta tukapanda lori la Marwa kwenda Musoma, kuchagua kiatu kwa mguu wenyewe.

Hapa nendeni polepole, maana ndicho Sista Rehema alichotaka niandike. Tulifika Musoma asubuhi, na Nyangeta akataka twende dukani moja kwa moja. Nikakataa. Tukazunguka sokoni, tukanunua samaki, furu wakavu wa watoto wake, tukasimama simama juani, tukaenda hadi ufukweni na kurudi. Jioni, miguu ilipokwisha kuvimba kama inavyovimba ya mtu anayekimbia, ndipo tukaingia kwa Yeremia Magoti, aliyekuwa anauza viatu kwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa mcheshi, na mcheshi dukani ni wa kuangalia.

"Karibuni dada zangu. Kijiti kiko wapi?"

"Kijiti ni huu hapa," Nyangeta akasema, akapandisha mguu wake wenye vumbi juu ya meza ya maboksi.

"Haa! Shemeji, huo si mguu, huo ni kasia."

"Basi nipe mtumbwi wake."

Akaleta raba nzuri nyekundu, iliyong'aa. Nyangeta akaipenda kwa macho mara moja. Nikaikunja kwa mikono: ikakunjika katikati, penye tao. Kiatu cha kukimbilia kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati kama mkate. Nikairudisha. Akaleta ya pili, ngumu kama ubao, haikukunjika popote. Nikairudisha. "Mama, wewe unanunua kiatu au unamkagua bwana harusi?" Yeremia akauliza. Nikamwambia bwana harusi angalau anaweza kubadilika.

Ya tatu ilikuwa ya kahawia, mbaya kwa sura, soli nene ya mpira ulio laini kidogo ukiuminya na ukucha. Nilimvisha miguu yote miwili, maana mguu mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa. Nikamsimamisha. Mbele ya kidole kirefu nikatafuta upana wa kidole gumba changu, ulikuwepo. Nikamwambia achezeshe vidole kama anayekanda udongo, vilicheza. Nikamwambia atembee, nikashika kisigino nione kama kinavuka, hakikuvuka. Halafu nikamwambia akimbie.

"Humu sokoni?"

"Si utakimbia Butiama mbele ya wageni? Hawa wauza dagaa wanakutisha nini?"

Akakimbia mpaka kwa wauza dagaa na kurudi, watu wanapiga vigelegele, Yeremia anapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa raba!" kwa mzaha, mpaka mgeni mmoja akaanza kumfukuza kweli. Alirudi anacheka, na nikasikiliza miguu yake: ilikuwa haichapi. Tukazichukua hizo za kahawia. Nyekundu aliziangalia mpaka tunaondoka.

Kwenye lori akaniuliza, "Sasa nitapona?"

Nikamwambia zivae nyumbani kwanza, zikuzoee, usizikimbilie mbali siku ya kwanza. Ndivyo ninavyowaambia watu wote. Swali lake sikulijibu sawasawa, kwa sababu kiatu kizuri kinauzuia mfupa usipasuke, lakini hakiungi uliokwisha kuanza. Na siku ya kufunga mafunzo ilikuwa karibu.

Alikimbia vizuri siku zile zilizobaki. Mguu wa kulia ulipoa kabisa. Wa kushoto alisema umepoa. Jioni za mwisho hakuja mtungini, akisema watoto wana kikohozi. Nilijua mahali pa kumfuata, lakini msimu ule kulikuwa na kuhara kwenye laini, na Mzee Magesa mwenyewe alikuwa amelala na mgongo.

Siku ya Butiama tulitoka Bunda alfajiri kwa malori mawili. Vikundi vya mgambo vya wilaya yote vilikuwepo, bendera, ngoma, akina mama wa vijiji vya jirani na vibuyu vya uji. Mbio zilikuwa za kwenda njia ya Buhemba, kugeuka penye daraja dogo, na kurudi uwanjani. Sharti lilikuwa kumaliza kwa miguu yako. Kasi haikuhesabiwa, lakini aliyepanda lori la huduma jina lake lilifutwa. Mimi ndiye nilikuwa kwenye lori la huduma, nyuma yao, na sanduku la bandeji, Marwa anaendesha, Afande amesimama kwenye ngazi ya mlango anashikilia kioo.

Nyangeta alianza mbele, anaimbisha. Mpaka kilima cha kwanza nilikuwa naisikia sauti yake. Baada ya kilima nikaisikia nyembamba. Penye daraja dogo, pa kugeukia, nikaona wimbo umechukuliwa na mwanaume, na Nyangeta yuko mwisho, anatupa mguu wa kushoto pembeni kama mtu anayepita juu ya gogo. Nikagonga paa la lori. Marwa akasimama.

Nilishuka. Nikamkalisha kwenye ukingo wa daraja. Alisema, "Ni misuli tu imenibana, Mama Bwire. Nipe maji niende." Nikampa maji, na alipokuwa anakunywa nikaweka kidole chini ya goti lake. Nikatelemka. Kimya. Kimya. Kimya. Chini ya nusu ya mguu kidogo akaruka, maji yakammwagikia kifuani. Nikaondoa kidole, nikarudia kutoka chini kwenda juu. Kimya, kimya, na palepale akaruka tena. Padogo kama senti kumi.

Alinishika mkono wenye kile kidole. "Dada." Alikuwa hajawahi kuniita dada. "Usiseme. Nimebakiza kurudi tu. Nikifika uwanjani mnikate hata mguu mzima, sawa, lakini nifike."

Afande alikuwa ametukaribia. Akauliza, "Vipi? Anaweza?" Na nawaambieni ukweli, aliuliza kwa namna ya mtu anayetaka aambiwe ndiyo. Alimpenda mwimbishaji wake. Nami nilijua ndani ya ile nyumba ya Suguti kuna nini. Ningesema ni misuli, hakuna mtu ambaye angenibishia. Mwenye kunibishia alikuwa amelala Bunda na mgongo.

Nikasema, "Hawezi. Apande."

Nyangeta akasema, "Umenifunga, Mama Bwire." Hakupiga kelele. Afande akamwinua kwapani, mimi upande wa pili, tukampakia nyuma, akakaa amegeukia Buhemba, amewapa mgongo wenzake waliokuwa wanarudi uwanjani wakiimba. Mguu niliufunga kati ya mbao mbili za boksi la sabuni. Hakunitazama. Raba ya kahawia aliivua mwenyewe, akaishika mapajani njia nzima.

Jina likafutwa. Msimu ukaisha, akapewa siku za kuhama chumba. Alikwenda Suguti kwa mkokoteni wa punda, na fimbo mbili nilizomtafutia, na maneno ya Mzee Magesa: miezi mitatu hakuna jembe, hakuna ndoo kichwani, hakuna kukimbia hata mbuzi akitoroka. Nilikwenda kumuaga. Watoto waliniamkia. Yeye alikuwa anafunga mikeka.

Ya Suguti niliyasikia baadaye kwa Wakuru Mafuru, yule wa jino, ambaye dada yake aliolewa kule. Mugeta alimpokea vizuri. Akangoja. Mwezi wa kwanza mwanamke anakaa kivulini mguu juu ya kigoda, mwezi wa pili hivyohivyo, na ilikuwa msimu wa kulima. Alipoambiwa aamke alime, akajibu dresa wa jineri amekataza, huku akionyesha zile mbao. Wazee wakaanza kumuuliza Mugeta kama kweli anataka kurithi mtu wa kuwekewa mguu juu ya kigoda. Mugeta akafikiri, akaoa kwingine. Mama mkwe, mwenye mkono mwepesi, akabaki na watoto, na Nyangeta akaanza kutembea. Kwanza mpaka kisimani. Halafu mpaka barabarani. Halafu akawa anakwenda kwa miguu mpaka mnadani na kurudi. Kukimbia alianza mwisho kabisa, mwendo wa kuchanganya: anakimbia mpaka mti ule, anatembea mpaka ule mwingine. Hakuna aliyemwelekeza. Mimi leo ndivyo ninavyowaelekeza wanaoanza.

Msimu uliofuata alirudi Bunda kuwa kibarua, akaandikisha jina tena kwa Afande Nyamhanga. Afande alikuwa amebadilisha kidogo mambo yake: wiki za mwanzo watu walikimbia kwenye nyasi, kishindo kilingoja mpaka mafunzo yakolee, na waliotaka raba walipelekwa Musoma wakiwa na miguu yao. Wimbo wa msibani, alikuwa ananitaniaga kila tukikutana, wimbo wako wa msibani unaendelea vizuri. Nyangeta aliimbisha, lakini safari hii kwa kupiga makofi. Zahanati hakuja hata mara moja. Mzee Magesa, aliyekwisha kupona mgongo, ndiye aliyekuwa anamtelemshia kidole, nje, chini ya paa la mizani, ili asiingie kwangu. Sikuuliza. Alimaliza mbio za Butiama katikati ya kundi, kimya kimya, kama watu wengine.

Akapewa geti.

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake nilitoka zamu ya usiku pamoja na wanawake wa kupanga pamba. Sheria ya jineri ilikuwa kila anayetoka apekuliwe, kwa sababu pamba iliyochambuliwa ilikuwa inatoka sana ndani ya vilemba. Watu wa zahanati tulikuwa tunapungiwa mkono tu, tupite. Nyangeta alikuwa amesimama pale na sare mpya, mkanda, na zile raba za kahawia zilizopakwa dawa ya viatu. Akawapitisha wa mbele yangu. Nilipofika akaweka rungu mbele ya kifua changu.

"Kitambulisho, mama."

Nikampa. Akakisoma, yeye ambaye hajui kusoma, upande wa mbele na upande wa nyuma. Akafungua kikapu changu. Akatoa chupa, akanusa. Akakunjua bandeji moja moja mpaka mwisho, foleni nyuma yangu inanung'unika, "Tunachelewa, afande, huyo ni Mama Bwire wa vidonda!" Akazikunja upya zote juu ya goti lake, vizuri, kwa namna yetu, akazirudisha kikapuni kwa mpangilio. Akanivua kilemba, akakikung'uta, akanifunga tena mwenyewe, akakaza fundo kwa nyuma.

"Pita, dada," akasema.

Nikapita.